Picha ya Kuzuia Mvua

Kitwana alichuchumaa mbele ya genge la viungo, nje ya soko la Kariakoo, akayakodolea macho mafungu ya bizari na pilipili. Jua kali, naye amevaa koti la sufu alilorudi nalo kutoka Estonia, nchi iliyokuwa chini ya Warusi, alikosomea uchoraji.

"Kaka, bizari hainunuliwi kwa macho," alisema Zamzam, mwenye genge, khanga yake nyekundu ameifunga kibwebwe.

"Naangalia rangi."

"Basi lipia kuangalia."

Alilipa, na kesho yake akarudi. Haukupita muda akawa anampigia simu dukani kwa Mzee Sadalla, ng'ambo ya barabara, na mzee anaita mtaa mzima usikie, "Zamzam, mchoraji wako."

Masika yalipoanza, chumba cha Kitwana kule Jangwani kikaingia maji. Akampelekea Zamzam kitambaa kizito kilichoviringishwa.

"Niwekee, mpenzi." Hakusema ni nini.

Mvua iliyofuata ilikuja kwa ubavu. Zamzam kuona bizari inaloa, akakifungua. Turubai zuri, lina mabaka ya rangi. Akalipigilia misumari ubavuni mwa genge.

Kitwana alipofika nusura alie. "Umeipigilia misumari picha ya mwalimu wangu."

"Picha gani hii, haina mtu, haina nyumba?"

"Ndiyo maana ilifichwa. Kule waliamriwa kuchora matrekta na wafanyakazi wanaocheka. Yeye kazini akachora matrekta, nyumbani akachora hii. Hakuruhusiwa kuionyesha popote. Akanipa, akaniambia, katundike watu waione."

"Nawe uliitundika wapi?"

Kitwana akaanza kuchokonoa msumari wa kwanza. Tangu arudi, picha ilikuwa chini ya kitanda. Ofisini alikoajiriwa alichora mabango ya majembe na mahindi, na mkuu wake hakutaka picha isiyoeleweka. Aliogopa kibarua kuota nyasi. Aibu ikageuka hasira. Akaing'oa picha, akaondoka.

Zamzam aliumia, tena sana. Simu ilipolia, Mzee Sadalla alijibu, "Anasema hayupo."

Mwishowe Kitwana akaja mwenyewe, picha begani, nyundo mkononi.

"Nisamehe. Mimi nimeificha miaka. Wewe umeitundika asubuhi moja."

"Wateja wanaiulizia," alisema Zamzam, bado amenuna kidogo. "Mama mmoja aliitazama mpaka paka akamla samaki wake."

"Alisema ni picha ya nini?"

"Kila mtu ana lake. Hakuna aliyetaka kuambiwa." Akamtazama. "Na mkuu wako? Si anapita hapa kila jioni?"

"Anapita. Ataiona." Akaishusha picha begani, akaikunjua.

Zamzam akaishika pembe moja, safari hii upande wa ndani, mvua isikofika.

"Zamzam, nikimtuma mshenga kwenu Magomeni, atapokelewa?"

"Pigilia kwanza."

Akapigilia. Zamzam akarudi nyuma hadi barabarani, akaitazama kwa muda, akaridhika kwamba imekaa sawa.

"Mwambie aje Ijumaa, baba akitoka msikitini," alisema. "Na wewe vua hilo koti."