Mama Mwenye Nyumba wa Iringo

Stanislausi alituma picha ya gata jipya la kukinga maji ya mvua, na gata lilikuwa sawa kabisa. Kilichomshtua Gaudensia ni dirisha lililoonekana pembeni mwa picha. Lilikuwa na mapazia ya kijani. Chumba hicho cha mbele alikifunga mwenyewe siku ujenzi ulipoisha, akikiweka kwa ajili ya kustaafu kwake, na ufunguo ulikuwa mkobani mwake, huko Bunda alikofanya kazi.

Akampigia simu msimamizi wake.

"Stani, nani yuko chumba cha mbele?"

"Mama, si ni wewe?"

Ehe! Utapeli wa siku hizi nao una adabu zake. Gaudensia alikuwa nesi, na kwa miaka miwili aliisimamia nyumba yake ya Iringo, Musoma, kwa simu tu, bila kulala humo hata usiku mmoja. Akajua papo hapo kwamba Stani ameingiza mwanamke wake, tena anamwita mwenye nyumba. Nyumba ile ilikuwa jasho lake lote. Akinyang'anywa, uzeeni angekwenda wapi? Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaondoka bila kumwarifu mtu.

Alifika saa sita mchana. Uani alimkuta mpangaji, mama mmoja aitwaye Boke, akichambua dagaa. Hawakuwahi kuonana.

"Dada, chumba hamna," Boke akamwahi. "Labda umuulize Mama Dorah mwenyewe."

Dorah ni binti wa Gaudensia. "Huyo Mama Dorah yuko wapi?"

"Si humo ndani. Hatokagi." Boke akashusha sauti. "Anatuitaga dirishani, unaona mkono tu. Anapikaga asubuhi, moshi tunauona, ila chakula hakinukii. Inanukiaga udongo mbichi, kama kaburi limechimbwa leo."

Stanislausi akatokea nyuma ya nyumba. Alimwona Gaudensia, akageuka kulitazama dirisha, akamtazama tena.

"Huyo mwanamke wako mtoe leo hii!"

"Mama, ongea polepole," alinong'ona. "Mi nilikwambiaga, nyumba ikiisha mwenyewe anakuja kwanza, anawasha moto, analala. Ukasema niweke wapangaji, utakuja siku nyingine. Nyumba ilikaa bila mwenyewe, ikapata mwingine. Ingia sasa hivi, uwashe moto. Ni kwako."

Gaudensia alitaka kumcheka, ila hofu ilikuwa imeshamshika. Alipanda barazani akijiambia kuwa huu wote ni ujanja wa Stani, kwamba ndani atakuta godoro na kanga za kimada, lakini kila hatua ile harufu ya udongo ilizidi kumjaa puani, na nyuma ya mlango akasikia kandambili zikiburuzwa, zikasimama, zikaburuzwa tena kwa mwendo wa mtu anayechechemea mguu wa kushoto, mwendo wake yeye mwenyewe tangu alipovunjika akiwa shule ya msingi, na ufunguo ukazunguka kitasani bila kugoma, na mkono ulipokuwa tayari kusukuma, mdomo wake uliolelewa kwa adabu ukatangulia.

"Hodi?"

Stanislausi alifumba macho. "Mama jamani. Mtu anapigaga hodi kwake?"

"Karibu," sauti ya Gaudensia ikajibu kutoka ndani, taratibu. "Stani, nani huyo?"

Stanislausi alimtazama mwanamke aliyesimama barazani, akautazama mlango. Alikuwa na mke, na alikuwa na kazi moja tu, na kila usiku alilala kwenye ua huu huu. Akavua kofia.

"Ni mgeni, mama."

"Mpe maji anywe, aende zake mapema. Bunda ni mbali."

Ufunguo ukajizungusha kitasani, mlango ukajifunga tena. Boke alileta kikombe cha maji. Gaudensia akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru.