Mashua ya Ogoti Chini ya Bwawa

Jumapili asubuhi, Mama Bitutu alifika bwawani Nyakoe na kibuyu cha uji, akakuta maji matupu. Mashua ya mwanawe Ogoti haikuwapo.

Ogoti alipotelea ziwani mwaka jana. Mashua ilirudi, yeye hakurudi. Mama akaikodia lori, ikapanda milima hadi kwenye bwawa hili la wachoma matofali, ambalo wenyeji huapa halina mwisho. Kila jioni aliingia mashuani, akakalia kigoda alichokiacha ndani, akamsimulia Ogoti habari za siku.

Inspekta Gladys Nyanchera alifika kutoka Kisii.

"Uliiona lini mara ya mwisho, Mama?"

"Ijumaa, jua likizama. Nilipoingia ilididimia kuliko kawaida. Nikasema, Bitutu, punguza ugali." Akageuka. "Ogoti, mletee afande kiti."

"Mimi ni Mathew, Mama," kijana wake mdogo alisema, akaleta kiti.

"Na jana?"

"Jana Sabato! Tulikuwa makambi ya kanisa Keroka mpaka usiku. Huyu tu ndiye aliyerudi mara moja kunywesha ng'ombe."

Umati uliokusanyika ukamsukuma mbele Nyakundi, seremala. Kwa miezi mingi alikuwa akizitamani mbao zile za kutengenezea vitanda.

"Hapa nani mwingine hufanya kazi Jumamosi?" mtu akauliza.

"Kwa hiyo kuwa Mkatoliki ni kosa la jinai?" Nyakundi alifoka. "Jana nilikuwa sokoni Daraja Mbili nauza viti!"

Nyanchera hakumjibu. Aliwahi kufunzwa upigaji mbizi Mombasa, na vifaa vilikuwa garini. Akavaa miwani ya maji, akajifunga mtungi wa hewa mgongoni.

"Anaenda kupika huko na gesi?" sauti ikauliza. Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Chini kulikuwa kijani, kisha kahawia, kisha kimya. Mkono wake ukagusa ubao. Mashua ilikuwa imeketi wima kwenye tope kama kuku juu ya mayai. Haikuwa na alama ya shoka wala tundu jipya, ila kizibo cha sakafuni kilikuwa kimevutwa. Chini ya magunia yaliyotandikwa, mawe yalikuwa yamepangwa kwa upole, moja moja, mbao zisiumie. Makasia yamefungwa vizuri. Kigoda hakikuwapo. Nyanchera akakaa pale Mama hukaa, akatazama juu. Mwanga ulikuwa mbali sana.

Alipoibuka, aliuliza jambo moja. "Mama, kigoda chako kiko wapi?"

"Jikoni. Nimekikuta leo nikashangaa."

Nyanchera akawageukia watu. "Mashua ilididimia Ijumaa kwa sababu mawe yalikuwa tayari ndani. Jana kilichobaki ni kuvuta kizibo tu. Nyakundi angetaka kuizamisha, Jumamosi nzima ni yake, angebeba mawe siku hiyohiyo. Na mbao anazitamani, azizamishe ili iweje? Huyu alimaliza kazi nzito Ijumaa kabla jua halijatua, kama mnavyopika chakula cha Sabato."

Watu wakamwachia Nyakundi.

"Na mwizi hakumbuki mgongo wa mama wa watu. Huyu alikirudisha kigoda. Mathew, ng'ombe walikunywa maji?"

Mathew akatoa kizibo mfukoni. Kilikuwa bado kimelowa.

"Ningeweza kuipasua," alisema. "Nikashindwa. Ilikuwa ya kaka."

"Basi kwa nini?" Mama akanong'ona.

"Tangu ije, Mama, hujaniita jina langu. Jioni nalala nikisikia unamwuliza Ogoti kama amekula. Mimi niko hapa. Ninakama ng'ombe, ninakata kuni, ninaitwa Ogoti. Nilidhani ikizama utageuka uone nani amebaki."

Nyakundi alivua kofia.

Mama alimtazama Nyanchera, aliyekuwa bado akichuruzika maji. "Afande, huko chini... hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama aliyatazama maji. Kisha akafungua kibuyu alichokuwa amembebea mtu mwingine, akakinyoosha bila kugeuka.

"Mathew," alisema. "Uji umepoa. Kunywa hivyohivyo."