Tepu Nyeusi Nyuma ya Mita

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na bisibisi ya jikoni kwenda kutengeneza taa za mita za gari la marehemu mume wangu. Usinicheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini skrubu haiulizi cheti.

Haraka ilikuwa ya binti yangu. Mimba imetimiza miezi tisa, mumewe yuko safarini, na gari la kumfikisha hospitali ni hilo hilo moja, kuukuu, linalochemsha kama birika. Ukiliendesha lazima jicho liwe kwenye mshale wa joto. Mshale ukipanda, unasimama, unaongeza maji. Ukizubaa, injini inakufa njiani na mgonjwa wako ndani. Mchana mshale unauona. Jua likizama, kwenye dashibodi ni giza totoro. Fundi alitaka akae nalo siku tatu. Nikamwambia, "Basi nenda ukamwambie mtoto asubiri tumboni."

"Mama, una hakika unajua unachofanya?" binti yangu aliuliza kutoka mlangoni, mkono kiunoni.

"Wewe nilikuzaa bila kufundishwa, na ulitoka mzima. Ingia ndani ukakae."

Nikachomoa waya wa betri. Nikafungua skrubu nne, nikavuta mita na kioo chake taratibu, nikaingiza mkono nyuma. Nilitegemea kukuta balbu zilizoungua.

Haikuungua hata moja.

Zote zilikuwa zimefungwa tepu nyeusi, moja moja, kama vidole vyenye vidonda. Na ncha ya kila tepu ilikunjwa kidogo, ili siku ya kuibandua usihangaike na kucha. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa anakunja tepu hivyo. Nililala naye kitanda kimoja miaka arobaini.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeziba. Miaka mitatu aliendesha jioni kwa kubahatisha, akiniambia balbu zimekwisha. Miaka hiyo hiyo hakumkalisha mtu kiti cha nyuma. Springi zimekufa, alisema. Hadi siku walipomkuta ameegesha kando ya barabara, vizuri kabisa, mikono kwenye usukani, roho haipo. Moyo, daktari alisema.

"Mzee mwongo wewe," nikasema kwa sauti, nikabandua tepu zote.

Harufu ikaja... Udongo uliolowa. Na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nne.

Nikarudisha mita, nikakaza skrubu, nikaunga betri. Giza lilikuwa limeshaingia. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha taa. Mita zikawaka, kijani safi. Nilitaka kupiga kigelegele.

Nyuma yangu, springi ikalia. Nyeee...

Nikadhani paka. Nikatazama kioo cha juu. Kiti cha nyuma kitupu. Nikashusha macho kwenye kioo cha mita.

Ndani yake mlikuwa na mtu.

Mrefu. Shingo ameipinda ili kichwa kienee chini ya paa. Uso sikuuona sawasawa, alikuwa anaukwepesha mwanga.

"Funika," akanong'ona.

"Wewe nani?"

"Mzee alifunika. Tukakaa vizuri."

"Mzee amekufa."

"Najua... Nilikuwa hapa."

Kile kitufe cha kupunguzia mwanga, pembeni ya usukani, kikaanza kuzunguka chenyewe. Polepole. Mita zikafifia... zikafifia... Pumzi ya baridi ikanigusa kisogo.

Hapo nikakasirika. Mtu akae kwenye gari langu, amtishe mume wangu mpaka kaburini, halafu anipangie na taa?

Nikakivuta kile kitufe, kikatoka na nyaya zake. Nikazikata nyaya kwa meno, nikazimenya, nikazisokota pamoja. Mita zikawaka kwa nguvu zote. Cha kuzungusha hakipo tena. Kule nyuma kitu kikalia kama mtoto aliyeingiwa na sabuni machoni.

"Zoea," nikamwambia.

"Mama!" Binti yangu alikuwa ameshika ukuta. "Chupa imepasuka!"

Akaja anajikokota, akashika mlango wa nyuma.

"Kaa mbele."

"Mama, siwezi kukaa, nataka kulala!"

"Laza kiti cha mbele. Huko nyuma springi zimekufa."

Nikajisikia nasema uongo wa mume wangu, neno kwa neno.

Njiani nilisimama mara mbili kuongeza maji. Kila niliporudi kwenye usukani nilimwona yule mrefu kwenye kioo cha mita, ameziba uso kwa viganja. Vidole virefu mno.

"Mama, mbona baridi inatoka nyuma?"

"Dirisha."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Tukafika, injini hai. Nesi akaja na kiti cha magurudumu akamchukua. Mlango wa binti yangu ukafungwa. Halafu wa nyuma nao ukafunguka... ukafungwa. Taratibu, kwa adabu.

Nilikimbia kwa miguu hii yenye baridi yabisi. Nilipofika chumba cha kujifungulia, taa zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa ya korido.

"Mbona giza humu?"

"Ni yule babu mrefu mliyekuja naye, bibi," nesi akasema. "Ameomba, eti mwanga unamuumiza mama macho. Si yule pale amekaa?"

Kiti kilikuwa karibu na kitanda. Kitupu. Binti yangu alikuwa anakitazama, anajisogeza mbali nacho.

"Washa," nikasema. "Zote. Atakayezigusa tena nitamvunja mkono, awe nao au asiwe nao."

Nesi akawasha. Nikaenda moja kwa moja, nikakikalia kile kiti. Kilikuwa cha baridi. Kimelowa. Kinanuka udongo.

"Inuka," sauti ikaniambia sikioni.

"Mjukuu wangu anakuja. Siinuki."

Kitu kikasogea chini yangu. Nikaongeza uzito. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mtoto alipolia, kilio kizuri, cha mapafu mazima, na nesi akaniita nije nimpokee.

"Mpe mama yake kwanza," nikamjibu. "Mimi nimemkalia mtu."