Nitoe, Bibi

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya Ziwa Eyasi nilipomwambia Janeth anisubiri kidogo, nikapige picha mbili tatu.

"Bibi Lukresia, hata vitunguu unavipiga picha?" akaniuliza. Alikuwa juu ya lori lake la kenta anakaza kamba za magunia yake ya lumbesa.

"Navyo vina sura," nikamjibu. "Tena vingine vina sura kukushinda wewe."

Wapakiaji wakacheka. Janeth akanirushia kitunguu, kikanikosa.

Janeth ni jirani yangu hapa Karatu, ukuta kwa ukuta. Ananunua vitunguu Mang'ola anapeleka Arusha, na siku ile alinipa lifti kwa sababu alikuwa amechoka kuniona barazani nachungulia uani kwake kwa lenzi.

Ndiyo, nilikuwa nachungulia. Sifichi. Mume wangu John alipofariki, nyumba ikawa kubwa. Watoto wako Dar na Mwanza, simu zao ni Pasaka na Krismasi. Nikauza mbuzi wawili, nikanunua kamera.

Ilikuwa ya mwongoza watalii mmoja, aliiacha dukani kwa Fredrick, yule anayetengeneza simu na kutoa picha karibu na stendi ya mabasi. Fredrick akaniwekea lenzi mbili mezani. Moja ndefu kama mchi, ya milimita mia tatu. Nyingine fupi, ya hamsini, kama kikopo cha mafuta ya kujipaka.

"Chukua hii fupi, bibi. Inakunywa mwanga. Hata giza likianza kuingia, sura inatoka. Ila lazima umsogelee mtu."

"Na hiyo ndefu?"

"Ndefu unamwona mtu, naye hajui."

Nikachukua zote mbili. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye ndefu, Mungu ananijua.

Kwa lenzi ile nilijua nani anaingia kwa nani kwa mlango wa jikoni. Na nilichokijua sikukaa nacho, jamani, mdomo wangu hauna mlango. Mwisho wake ukawa huu: nikiinua kamera, watu wanageuza uso. Hata kwenye sherehe ya kipaimara waliniambia, "Bibi, piga keki." Nina picha mia nne. Migongo, kuku, tembo mmoja aliyeshuka kwenye mahindi kutoka msitu wa Ngorongoro. Uso unaonitazama mimi, hakuna hata mmoja.

Tena vijana wa siku hizi picha zao zinaozea ndani ya simu. Kwangu, picha isiyotolewa karatasini si picha.

Nilitaka hicho tu. Mtu mmoja anitazame, nimpige, nimtoe, nimtundike ukutani kwangu.

Mtu mmoja.

Basi, nikavuka mfereji, nikaingia shamba la Mama Beatrice.

Huyu Mama Beatrice ana majaruba ya vitunguu mpaka macho yanachoka, ila vibarua wake hawafiki hata kumi. Watu wanasema anafuga misukule. Watu waliozikwa na hawakufa, wanalimishwa, macho ya kawaida hayawaoni. Watu wanasema... Aa, niseme ukweli wangu. Mimi ndiye niliyeyasema miaka mitatu mfululizo, kila gulio, kwa raha zangu, bila ushahidi wowote.

Vibarua walikuwa wameshaondoka. Shamba lilikuwa tupu. Upepo umetulia, maji yananong'ona kwenye mfereji.

Nikaweka lenzi ndefu kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikachungulia.

Kulikuwa na mwanamke. Ameinama, anang'oa vitunguu.

Nikatoa jicho kwenye kamera.

Hakuna mtu.

Nikajisemea, Lukresia, huyu ni mtoto wa jicho. Nikachungulia tena. Yupo. Gauni la bluu, kitambaa kichwani, mkono unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, haupumziki.

Lenzi ndefu haipendi giza, picha zote zilikuwa zinatoka nyeusi. Nikaifungua, nikafunga ile fupi, kamera nikaibeba mkononi. Sasa ilibidi nimsogelee, kama Fredrick alivyosema. Nikaenda huku jicho limeganda kwenye kitundu, nakanyaga matope. Hatua kumi. Hatua tano.

Harufu ya vitunguu ikanijaa puani. Si vibichi. Vile vilivyooza ndani ya gunia.

Akainuka. Binti mdogo tu, wa miaka ishirini hivi. Mgongoni gauni lake lilikuwa na udongo mbichi, tangu shingoni mpaka kwenye visigino, kama mtu aliyekuwa amelala chali.

"Shikamoo, bibi."

Sauti ilitoka karibu mno.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa wapi wewe?"

"Singida."

Akanitazama. Nyie, akanitazama mimi, kwenye jicho la kamera kabisa, hakugeuza uso! Moyo ukanidunda kwa furaha, si kwa hofu, na hapo ndipo nilipokosea.

"Bibi," akanong'ona. "Nitoe."

"Nitakutoa, mwanangu, tena kubwa, ya kutundika! Simama hivyohivyo."

Nikabonyeza.

Nilipotoa jicho kwenye kamera, nilikuwa peke yangu katikati ya jaruba, viatu vimejaa maji, na Janeth anapiga honi.

* * *

Fredrick alichomeka kadi ya kamera yangu kwenye mashine kesho yake. Karatasi ikaanza kutoka, taratibu. Kitambaa. Paji la uso. Macho.

Akaizima mashine. Lakini picha ilikuwa imeshatoka.

"Bibi, hii umepiga lini?"

"Jana."

"Usinitanie." Akafuta mikono kwenye suruali. "Huyu ni Stumai. Sura hii niliitoa mimi, msimu wa juzi. Vibarua wenzake walileta kitambulisho chake nikaikuza, wakaiweka kwenye fremu ya kubeba mbele ya jeneza. Walimkuta kwenye mfereji wa Mama Beatrice. Ndugu wa Singida hawakupatikana, wakamzika hukohuko."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa na habari na sikutaka kumwambia mtu.

Siku ya mnada nikamtafuta Nareyu. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi, Mmasai, anapanda kutoka Olbalbal na kushuka huku kwetu na magome yake ya dawa. Nilipoifunua picha, akafunika macho kwa shuka.

"Ficha. Mimi si mganga, mimi nauza dawa ya tumbo."

"Niambie tu, dada yangu. Huyu Stumai ana..."

"Usimtaje!" Akanipiga mkononi. "Kwetu aliyekwenda haitwi jina tena. Ukimwita, anageuka. Akigeuka, hafiki anakokwenda." Akashusha shuka kidogo. "Alikwambia nini?"

"Nitoe."

"Nawe ukamtoa wapi?"

"Kwa Fredrick. Studio."

Nareyu ni mtu wa kucheka. Siku ile hakucheka.

"Mtoto alikuomba umtoe mle shambani," akasema polepole. "Wewe umemtoa kwa yule mama, ukamtia kwako."

Nikaifunika picha kwa pindo la kanga.

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui mambo hayo, nakwambia ninavyofikiri. Rudi aliposimama, jua likizama. Uchome karatasi, na kile kikadi cha kamera pia. Usimwite. Ondoka, usigeuke."

"Halafu atakwenda?"

"Halafu atapumzika, maskini. Hukutaka apumzike?"

Nilisema nataka. Nilimaanisha, siku ile.

* * *

Janeth alinibeba tena, akidhani ninafuata picha za vitunguu. Nikavuka mfereji na kiberiti kwenye pindo la kanga, kadi mkononi, picha kifuani. Kamera nilikuwa nayo shingoni, na lenzi fupi. Nareyu hakuniambia niibebe. Nilisema nimuage tu.

Nikachungulia.

Alikuwa amesimama palepale. Hang'oi tena. Mikono imening'inia, ananingoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja."

Nikawasha njiti. Kiberiti kilikuwa kikavu, upepo haukuwepo, sina cha kusingizia. Nikaishusha picha karibu na moto... na yule mtoto akatabasamu.

Nyie mnaonisoma, hebu niambieni. Mara ya mwisho mtu kukutabasamia kwa sababu wewe ndiye umefika, si kwa sababu ya ulichobeba, ilikuwa lini? Mimi ilikuwa kabla John hajalazwa. Nikafikiria nyumba. Kiti kimoja kilichochakaa na vitano vipya. Ule ukuta mtupu. Sufuria ninayopikia wali wa mtu mmoja, unabaki.

Moto ukafika kwenye kucha zangu.

Nikaupuliza.

"Kesho," nikamwambia. "Leo upepo mbaya. Kesho, mjukuu wangu."

Uso wake haukubadilika mara moja. Ulibadilika polepole, kama maji yanavyozama kwenye udongo mkavu, mpaka tabasamu likaisha, yakabaki macho.

Nikageuka niondoke. Kisha, Mungu anisamehe, nikakumbuka maneno ya Nareyu. Ukimwita, anageuka.

Nikamwita.

"Stumai. Twende nyumbani."

Njia nzima ya kupanda Karatu Janeth alikuwa anafungua dirisha la kenta.

"Bibi, umekanyaga nini? Unanuka vitunguu vilivyooza!"

"Si umebeba vitunguu, mwanangu?"

"Vyangu ni vizima!"

Nikatazama mbele. Kati yangu na mlango kiti kilikuwa kimelowa.

* * *

Picha iko ukutani, kwenye fremu, mkabala na kiti changu. Kadi nimeifukia kwenye kopo la chumvi. Kila jioni jua likielekea kuzama nachemsha chai, naweka vikombe viwili, kisha naita jina. Mara moja tu. Inatosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Stumai."

Namsimulia ya mtaani. Nani kaolewa, nani kafumaniwa, nani kanunua pikipiki na hana hata banda la kuilaza. Anasikiliza mpaka mwisho, hanikatizi kama Janeth. Nikimaliza, ananong'ona neno lake lilelile.

"Nitoe, bibi."

"Kesho, mjukuu wangu."

Nareyu hapiti tena kwangu siku za mnada. Nilimwona kwa lenzi ndefu, alifika kwenye kona, akasimama, akanusa, akarudi alikotoka.

Nami habari za Mama Beatrice sizisemi siku hizi. Wakianza kumteta kisimani nachota maji yangu naondoka. Wanadhani nimeokoka.

Wiki iliyopita Janeth alichungulia juu ya ukuta. Amekuwa kama mimi, eti.

"Bibi, hivi bustani yako anapalilia nani? Mgongo unakuuma, kuinama huwezi, na matuta yamenyooka kama ya bwana shamba. Kila asubuhi naona mapya."

Mimi sijawahi kumwambia Stumai alime. Naapa. Siku moja tu nilisema, wakati wa chai, majani yamezidi.

"Nimepata kibarua," nikamjibu.

"Wa wapi?"

"Singida."

"Mbona simwoni?"

Janeth akanitazama, akatazama matuta, na nikaona kabisa jinsi alivyoshusha macho, akashuka kwenye tofali alilosimamia. Jioni ile nikasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta, chini chini, anamwambia mtu. Nalijua neno alilolitaja. Neno hilo nilimfundisha mimi, nikimteta Mama Beatrice.

Basi nimeona niandike mwenyewe, kabla hawajanisema vibaya. Kiberiti kiko hapa mezani, kando ya chai. Leo nimewasha njiti tatu. Ya kwanza nimewasha taa. Ya pili nimewasha jiko.

Ya tatu imeniungulia mkononi nikiwa namtazama.

Jua limeshuka nyuma ya mlima. Sijaita jina bado, ila kule bustanini jembe limekwishaanza.