Draiva Isiyojulikana Kwao

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Oktoba mwaka wa 1999, mchana kweupe, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya msingi huko Timbwani, Likoni.

Mwanatabu wa darasa la saba alikuwa amefagia, akaifunua mashine kitambaa chake, akaketi, kama alivyofanya kila siku baada ya masomo. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha kompyuta. Mashine ilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Mwalimu Nduku, mlezi wa chama, aliupenda kwa kuwa haununuliwi. Kando yake zilikaa printa na skana, mpya kabisa, za kutazamwa tu kama vyombo vya kabati la sebuleni. Hazikuwa na draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kusema na kifaa. Na Ijumaa mkaguzi angekuja. Wakubwa wa ofisi ya elimu walikuwa wameshatamka: vifaa visipofanya kazi, vitavushwa feri vipewe shule ya kisiwani. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakikupa huja na mpiga picha, wakikunyang'anya huja na lori.

Siku hiyo Fondo, binamu yake Mwanatabu anayefanya kazi katika duka la kompyuta huko Kisauni, alipita na diski ndogo mkononi.

"Hii ni dawa ya printa zote na skana zote," alisema.

Mwanatabu alitaka kumuuliza ameitoa wapi, akaona haya. Mgeni akikuletea kitu, humuulizi alikokitoa, ndivyo alivyolelewa. Basi akaingia kwa jina la root, yaani mkuu wa mfumo asiyekatazwa lolote, jina ambalo Mwalimu alimwamini nalo kwa dharura tu. Akaiendesha ile diski. Maandishi yakakimbia, yakatulia. Fondo akaaga, akaenda zake. Mwanatabu alipoizima mashine na kuiwasha tena, ilikwama kwenye mstari mmoja wa herufi, ikagoma.

Rashid, mwenzake wa chama, aliitazama skrini. "Sema stima zilipotea. Likoni hii nani atabisha?"

"Na Ijumaa je? Zitakuwa bado zimepotea?"

"Likoni? Yawezekana."

Nyumbani, bibi yake, Mwanarehema, alikuwa akidarizi kofia.

"Mwanatabu."

"Abee, bibi."

"Wali umekukosea nini, mbona wausukumasukuma?"

Akamweleza yote. Bibi hakujua kompyuta, wala hakujifanya anajua.

"Alipokuja mposaji wa shangazi yako, tulifanyaje?"

"Mliuliza kwao."

"Tuliuliza mtaa mzima, mpaka mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sukari. Hakuna aliyetuambia tumekosa adabu. Leo wewe umekiingiza kitu chumba cha ndani, ukakipa na funguo, humjui mamaye wala babaye?"

Mwanatabu akacheka bila kutaka.

"Asubuhi kamwambie mwalimu wako. Hayo ya stima mwachie Rashid."

Asubuhi alimkuta Mwalimu mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu. Mashine nimeiharibu mimi." Akasema yote, hata yale ya kutumia root.

"Marahaba," alijibu Mwalimu Nduku, akifungua mlango. "Ungesema stima, ningehangaika na nyaya hadi Ijumaa."

Akaiwasha mashine kwa diski ya uokoaji. Wakaziona faili ambazo dawa ya Fondo ilikuwa imezivuruga, wakazirudisha kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameiweka. Mashine ikaamka.

"Na draiva tutazipata wapi?" Mwanatabu aliuliza.

"Wafadhili waliotoa vifaa waliniambia kwa simu kwamba Januari walituma CD yenye draiva za Linux za vifaa hivi hivi, kupitia ofisi ya elimu. Nimeiulizia huko ofisini mpaka nimechoka, naambiwa haipo. Leo siondoki kwao kabati lao lisipofunguliwa."

Alivuka feri, akarudi jioni na CD. Karatasi yake ya plastiki ilikuwa haijachanwa.

Alhamisi Mwanatabu ndiye aliyeketi kitini, bila haraka. Aliulinganisha muundo wa printa na ulioandikwa kwenye CD. Alisoma maelezo hadi mwisho. Alinakili faili za mipangilio, ili pawe na pa kurudi. Ndipo akaingia kama root, akaweka draiva ya printa peke yake, akatoka. Kwa jina lake la kawaida akachapisha ukurasa mmoja. Printa ilikohoa, ikatoa karatasi safi. Wakaja kwenye skana vivyo hivyo. Rashid akalaza kiganja juu ya kioo, nacho kikachapishwa pamoja na madoa yake ya wino.

"Imeona mpaka uchafu wako," Mwanatabu alisema.

"Basi hiyo inafanya kazi," alijibu Rashid.

Ijumaa mkaguzi alikuja na bwana mmoja wa ofisi ya elimu. Walitaka kuchapishiwa, wakachapishiwa. Mkaguzi akatamka mbele ya wote kwamba vifaa vitabaki Timbwani.

Mwalimu Nduku akawageukia wanachama. "Programu yoyote, jueni kwao kabla ya kuikaribisha. Kuuliza si kukosa adabu. Root ni ufunguo wa nyumba nzima. Fanya nao kazi moja, uurudishe. Na ukiharibu sema mapema, maana kosa lililofichwa halina fundi."

Mwanatabu akainua mkono, akaruhusiwa. Akamgeukia bwana wa ofisi.

"CD yetu ilikuwa kabatini kwenu tangu Januari. Na ninyi ndio mliosema mtavichukua vifaa visipofanya kazi. Ni nani aliyeamua tusipewe?"

Yule bwana akasema hilo ni swali zuri, akauchukua mkoba wake.

"Ahsante, bwana," Mwanatabu alisema kwa upole. "Lakini ni nani?"