Kopo la Senene Wenye Mabawa

"Bibi harusi yumo ukumbini. Asivuke ziwa."

Amri ilimfikia Edvina kupitia hereni ya kushoto. Ndani yake mlikuwa na redio ndogo kuliko punje ya kahawa.

"Nimekupata, Mwesiga," alimjibu askari mwenzake aliyekuwa nje.

Kwa lugha yao ya siri, bibi harusi lilikuwa taji la watawala wa kale, la shanga zilizofumwa kwa waya wa shaba, lililoibwa kijijini Nshamba. Mlinzi wake, Mzee Rugemalira, alivunjwa mkono akilitetea, na bado kijiji kizima kilinong'ona kwamba ameliuza yeye. Ndiye aliyemlea Edvina. Alimwambia akiwa kitandani hospitalini: "Mwanangu, nisife naitwa mwizi."

Kwa hiyo jioni hiyo Edvina alikuwa kwenye ukumbi wa harusi wa Nyanga, Bukoba, kadi ya mratibu wa sherehe shingoni, bastola ya Glock 19 chini ya kitenge, akitazama upuuzi.

"Pakeji ya Mukama, ya kifalme!" Alexander, mwenye ukumbi, alipayuka kwenye maikrofoni. "Bwana harusi anabebwa na watu wanne! Wageni wote wanapiga magoti!"

Waratibu wa sherehe walioalikwa kwenye maonyesho hayo wakashangilia, simu juu. Ngoma zilikuwa za plastiki. Ngozi ya chui ilikuwa kitambaa. Na huyu Alexander ni mtoto wa Muleba, kazaliwa kwenye migomba kama wengine!

Kwenye kiti cha enzi alikaa Dekker, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Ulaya, buti zake zenye tope zikikanyaga nyasi mbichi za heshima zilizotandikwa sakafuni. Binti mmoja alipiga magoti kumshikia kisahani cha majivu ya sigara.

Edvina alitamani kutema mate.

Kalamu yake ya kunasa metali ilipita kwenye ngoma. Kimya. Kwenye kiti. Kimya. Kwenye meza ya zawadi ikatetema kila mahali, maana makopo yote yalikuwa ya bati.

Alitazama kupitia mifuniko yake angavu ya plastiki. Senene wa kukaanga, panzi watamu wa Bukoba, walionyonyolewa safi, wanang'aa.

Isipokuwa kopo moja kubwa, lenye utepe mwekundu na jina la Dekker.

Senene wa humo walikuwa na mabawa. Na miguu.

Nani Bukoba hii anampa mgeni senene wasionyonyolewa?

Mwanamume. Mwanamume ambaye tangu azaliwe huletewa senene tayari kwenye sahani, wakiwa wamenyonyolewa na mama, dada na mke. Mwanamume ambaye safari hii hakuthubutu kumwita mwanamke yeyote awanyonyoe, asije akaona kilichofichwa chini yao.

Dekker alishuka kitini, akalichukua kopo, akaelekea nyuma.

"Mwesiga. Mlango wa nyuma. Utepe mwekundu," alinong'ona Edvina.

"Land Cruiser yetu imeziba geti."

Dekker alimsikia, akageuka, Beretta mkononi. Edvina alimpiga teke kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaruka. Kabla hajainama kuiokota, mdomo wa Glock ulikuwa umemgusa paji la uso.

"Lala chini. Kwenye tope lako."

Alexander alikimbia, akajikwaa kwenye ngoma yake ya plastiki, akaanguka kifudifudi. Mwesiga aliingia na pingu.

Edvina alimimina senene mezani. Taji likatoka, bluu na nyeupe, mabawa yamenata kwenye shanga. Aliyabandua moja moja, midomo ameikunja kwa karaha.

Alimpigia Mzee Rugemalira simu hospitalini.

"Tata, ninalo. Kesho tunapita nalo sokoni Nshamba, mchana kweupe, wewe umelishika kwa mkono wako mzima. Waliosema uliliuza waje waangalie."

Upande wa pili mzee alikuwa akilia.

"Bojo, nakusihi, dada," Alexander alibembeleza kutoka sakafuni. "Sote ni wa Muleba. Ilikuwa biashara tu."

Edvina aliangusha rundo la senene kutoka mezani hadi mbele ya mikono yake yenye pingu.

"Nyonyoa," alisema. "Huko jela miaka unayo."

Alivua viatu, akavuka nyasi pekupeku, taji mikononi, akatoka bila kugeuka.