Kucha Zisizo na Rangi

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, mwosha alimgeuza marehemu ubavu, akapitisha kitambaa chini ya kiuno, na mkono wake ukasita.

Nyama ya hapo ilikuwa ngumu kama donge la unga lililolala. Juu yake palikuwa na vitundu vidogo, vitatu kulia na vitatu kushoto, kila kimoja na duara jekundu. Vitano vilikuwa wazi. Cha sita kilizibwa na kigamba cheupe chenye unyuzi wa pamba ndani yake. Alikikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka.

"Vipele hivyo, wifi," alisema msaidizi wake kutoka upande wa pili wa meza. "Joto la tanuri. Tumalize, watu wanangoja."

Msaidizi huyo alikuwa dada wa mume wa mwosha, yule mume aliyefariki miaka tisa nyuma. Mtaani walimwita Fundi Kucha, maana nyumbani kwake alipaka wanawake rangi za kucha na kuwabandika kope. Kwenye kuosha alikuwa mkono wa kulia wa mwosha kwa miaka saba. Siku hiyo alitangulia kufika. Mwosha alipoingia na sanda saa tatu kasoro dakika kumi, alikuta kazi imeshaanza, dirisha liko wazi, na chumba kinanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Harufu hiyo haikuwa ngeni. Maiti mwenye kucha za rangi hufutwa kwanza, ili maji yafike. Mwosha hakuuliza.

Aliyelala mezani alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Alfajiri pumzi ilimkatika kitandani. Daktari wa zahanati alikuta roho imeshatoka, akaandika kwamba alishindwa kupumua, akaenda zake.

Mwosha alimfunika. Mwanamke aliyemfundisha kazi alimwachia amana moja: ayaonayo mwosha hubaki kwa mwosha. Miaka kumi na minne hakuivunja, wala hakuwahi kutamani kuivunja.

Ndipo ukelele wa mama wa marehemu ulipoingia dirishani. "Mfungeni! Kamziba mwanangu pumzi kwa mto!"

Mwosha alitoka hadi mlangoni, akikausha mikono, msaidizi wake akimfuata nyuma. Uani, sajini wa polisi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa amemsimamisha mume wa marehemu ukutani. Mume alikuwa dereva wa lori la mikate. Mto ulikutwa sakafuni, na majirani walisikia ugomvi jana jioni.

"Mligombania nini?" aliuliza sajini.

"Kukaa, afande."

"Kukaa wapi?"

"Kukaa kitako. Tangu juzi mke wangu hakai. Chai kasimama, chakula kasimama, kulala kifudifudi. Nikimuuliza, ati ameanguka kazini. Nikamwambia basi nionyeshe. Akanifukuza chumbani kama mbwa aliyeiba nyama."

"Na mto?"

"Alfajiri nilimsikia akihangaika, nikaingia; aliusukuma mwenyewe akitafuta hewa."

"Mwongo wewe!" alisema mama mkwe. "Ulimchoka. Si wewe uliyemwita ubao mbele ya wenzako?"

Mume aliinamisha kichwa. "Ulikuwa utani, mama."

"Yeye alicheka?"

Sajini akatoa pingu.

"Maziko saa ngapi?"

"Saa nane," alisema mama wa marehemu.

Mwosha alishika mwimo wa mlango. Chai kasimama! Asubuhi ile ile, saa kumi na mbili na nusu, binti yake wa miaka kumi na tisa alikunywa chai ameegemea kabati. Alipomwambia akae ale vizuri, binti alijibu, "Nimechoka kukaa, mama," akacheka. Nani huchoka kukaa wakati siku ndiyo kwanza inaanza?

Alimpigia simu.

"Unapumua vizuri?"

"Kwa nini, mama?"

"Mwanangu, umedungwa sindano wapi?"

Upande wa pili binti alianza kulia, kisha kikohozi kikamkata kilio.

Mwosha aliomba kimoyomoyo, maneno machache tu. Kisha akamwendea sajini. "Afande, peleka gari likamchukue binti yangu nyumbani, limfikishe hospitali sasa hivi. Nami nitakuambia nisichoruhusiwa kusema."

Sajini alimtazama usoni, akamwita askari, akampa funguo. Mwosha alieleza vitundu sita, ugumu wa nyama, na kigamba cheupe. Hakutaja jina la mtu, kwa kuwa bado hakuwa nalo. Saa nne na dakika tano maziko yalisimamishwa, na daktari mwanamke akaitwa kutoka hospitali.

Katika mkoba wa marehemu sajini alipata kopo la krimu lenye picha ya mwanamke mwenye makalio kama matikiti. Muuza vipodozi wa mbele ya kiwanda aliletwa saa nne na nusu, jasho likimtoka.

"Hii yako?"

"Yangu, afande, lakini haiwezi kuua mtu! Ni mafuta ya mgando na manukato tu. Naapa, haikuzi hata unywele!"

"Kwa hiyo unawadanganya watu?"

"Nawadanganya, ndiyo. Kuua, siui."

"Mafuta hayatoboi ngozi," alisema mwosha taratibu. "Aliyetoboa ni mwingine. Na aliyeziba vitundu alikuwa na kitu cha kuzibia."

Alirudi chumbani, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuingia tangu maziko yasimamishwe. Kwenye rafu palikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kucha, nusu tupu. Alifunua mkono wa marehemu, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akautazama ule mwingine. Akatoka kuwaita wengine.

Saa tano kasoro robo waliingia wanne: sajini, daktari, mama wa marehemu na Fundi Kucha.

"Wifi," mwosha aliuliza, "asubuhi ulifuta rangi gani?"

"Nyekundu," Fundi Kucha alijibu bila kufikiri. "Si unajua hawa wasichana."

Mwosha aliunyanyua mkono wa marehemu. Kucha zilikatwa hadi nyamani, nyeupe, hazina hata doa pembeni.

"Nyekundu ipi?" mama wa marehemu alishangaa. "Mwanangu hajapaka rangi tangu aajiriwe. Mkandaji akija na rangi ya kucha wanamrudisha getini."

"Labda nimechanganya na maiti wa juzi…"

"Wa juzi alikuwa bibi wa miaka themanini, wifi."

Mwosha alichukua pamba, akailowesha kwa ile dawa, akaigandamiza juu ya kigamba kimoja kilichobaki. Alihesabu kimoyomoyo hadi mia. Kigamba kililainika, kikatoka na unyuzi wake, na kitundu cha sita kikaonekana. Tone zito, angavu, likachomoza.

"Gundi ya kucha bandia," alisema. "Maji hayaitoi, dawa hii inaitoa. Ulitangulia kufika ili uitoe kabla sijaja. Vitano uliviwahi."

Daktari alilishika lile tone kati ya vidole vyenye glavu, akalivuta. "Silikoni, ya kujazia makalio. Ikiingia kwenye mshipa husafiri hadi mapafuni na kuziba njia za damu. Hewa ipo, lakini mtu anakufa kwa kukosa hewa." Alimgeukia Fundi Kucha. "Uliipata wapi?"

"Ya dumu," alinong'ona. "Ya kulainishia mashine."

Mama wa marehemu alishuka polepole hadi sakafuni.

"Walikuja wenyewe!" Fundi Kucha alipaza sauti. "Wanalia, wananishika miguu. Mimi mwenyewe nimejiweka mwaka wa pili huu, mbona ni mzima? Huyu alianza kukohoa palepale Jumatatu. Nikadhani ni woga."

"Na leo alfajiri uliposikia amekufa?" aliuliza sajini.

"Ningesema, mngeniuliza na wengine ni nani."

"Na wengine ni nani?"

Fundi Kucha alimtazama mwosha, kisha akatazama ukuta.

"Mwanao alinililia, wifi. Aliniambia, shangazi, mama ana muda na maiti tu. Ningemfukuza mtoto wa kaka yangu?"

Mwosha alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka ukingoni mwa meza.

"Nilikuusia mwili wangu," alisema. "Nilimwambia kila mtu, nikifa niosheni kwa mkono wa wifi yangu."

"Mwosha huoshwa, wifi. Nisamehe."

"Huoshwa. Ila si na wewe."

Sajini alimtoa Fundi Kucha, akamwandikisha majina. Mbali na binti wa mwosha, wengine waliodungwa walikuwa kumi na moja, na magari yakatumwa kuwachukua. Uani mume alifunguliwa pingu. Alisimama akisugua vifundo vya mikono, akauliza kama anaweza kumwona mkewe kabla hajapelekwa hospitali kupasuliwa.

Mama mkwe alimsogezea upande mmoja wa machela.

"Ubao wako huo," alimwambia. "Njoo uubebe."

Akaubeba, machozi yakimdondokea shatini, na hakuna aliyempa pole.

Saa tisa alasiri mwosha alikuwa hospitali. Binti yake alilala kifudifudi, bomba la hewa puani. Daktari alisema pafu moja limeguswa, kwamba mafuta mengine hayatatoka maisha yake yote, na kwamba wamemwahi. Mwosha alimshukuru Mungu, akafunua shuka mwenyewe. Vitundu sita, vimezibwa kwa gundi na pamba, kwa mpangilio ule ule anaoufahamu.

"Umeona, mama?"

"Nimeona."

"Usiwaambie watu. Tafadhali. Si wewe unasema kazi yako ni kusitiri?"

Mwosha alilirudisha shuka, akalinyoosha pembe zote nne, kama alivyozoea.

"Nasitiri waliokufa, mwanangu," alisema. "Wewe bado uko hai. Nitasema."